Meza ya Chumba cha Chini

Mafuta ya mbuzi yakikaa wiki kadhaa katika chumba kisicho na dirisha, harufu yake sijui niifananishe na nini. Si ya mzoga, wala si ya jikoni. Ni nzito, na ukishaivuta inakaa kwenye ulimi hata ukiwa umeshatoka nje. Nimeishi kambini miaka mingi, nimefukia vyoo vilivyojaa, nimelala jirani na jaa la takataka, na sikuwa mtu wa kuziba pua. Lakini kinyaa kilichonishika kuliko vyote nilikipata Buffalo, chini ya msikiti, katika chumba nilichokuwa nimekisugua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Bibi yangu alikuwa mwosha maiti za wanawake, na mimi nilianza kumbebea ndoo ya maji hata kabla sijahitimu juzuu ya kwanza. Alinifundisha kwamba maiti haachwi wazi hata mbele ya wanawake wenzake, na kwamba mkono unaomgusa uwe mwepesi kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Vita vilipotupeleka kambini Tanzania, upande wa Kigoma, nilifundisha watoto Kurani asubuhi, na mwanamke akifa niliitwa. Tuliosha kwa maji ya dumu nyuma ya turubai. Palikuwa pa kifukara, lakini palikuwa safi. Mambo hayo mawili hayana ugomvi.

Kisha Mungu akamfungulia mlango binti yangu na mumewe, na mimi nikaja nyuma yao Marekani. Tulifikia Louisville. Waislamu tuliowakuta huko walikuwa wanasali katika duka la kupanga, ukuta kwa ukuta na fundi wa matairi, na imamu akisema "Allahu Akbar" tulisikia mpira ukijazwa upepo. Sina la kulalamikia hapo. Duka lile lilitupa makoti ya baridi, lilitusomea barua za serikali tusizozielewa, lilifundisha watoto wetu kusoma. Ila mahali pa kuoshea maiti halikuwa napo. Jirani yangu alipofariki tulipelekwa kwenye jumba la kampuni ya mazishi. Nyuma ya pazia, mezani, alikuwepo mwingine anatiwa dawa za kumhifadhi ili jamaa zake wamtazame, na dawa ile ilitupanda puani mpaka machozi yakatutoka, machozi yasiyokuwa ya msiba. Msichana wa zamu alikuwa akitafuna bazoka na redio imewashwa. Alituambia tufanye haraka. Nilimaliza, nikatoka nje, nikatapika kando ya gari.

Mkwe wangu alipopata kazi ya ghala Columbus tulihamia huko, karibu na mtaa wa wanafunzi wa chuo kikuu, na huko nikaona kwa mara ya kwanza kituo cha Kiislamu kilicho kamili. Kilianzishwa na wanafunzi waliosoma, wakaajiriwa, wakazeeka palepale. Kilikuwa na darasa, maktaba, jiko, na chumba cha kuoshea chenye maji moto, vigae vyeupe na meza ya chuma kisichoshika kutu, yenye mteremko kidogo na tundu la maji upande wa miguuni. Nilijitolea kuosha pale, na nilikuwa nikiingia chumba kile kwa raha, Mungu anisamehe kutumia neno hilo. Nilijua sasa kwamba kumwosha maiti kwa heshima kunawezekana huku.

Kodi za Columbus zilipotushinda tulikwenda Buffalo, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, kwa kuwa nyumba zilikuwa rahisi na viwanda vilikuwa vinaita watu. Warundi na Wakongo tuliowakuta wengi wao walikuwa Wakristo. Waislamu wanaosema Kiswahili tulikuwa wachache, tukasali pamoja na Wasomali, Wabengali na Waarabu katika sebule ya mtu, halafu katika ghorofa juu ya duka la fanicha, mpaka jengo likapatikana.

Jengo hilo lilikuwa klabu ya wafanyakazi wastaafu wa kiwandani. Walikuwa wamekaa humo wakinywa bia na kucheza karata tangu ujana wao, kisha wakafa mmoja mmoja, klabu ikafungwa. Sakafu ilikuwa inanata. Tulipovuta zulia, chini yake palikuwa na utando mweusi wa bia na majivu ya sigara, tukaukwangua kwa visu vya jikoni. Huko chini kulikuwa na chumba cha vigae, chenye shimo la maji katikati, walimokuwa wakiweka mapipa yao ya bia. Wanaume wa kamati walitaka kiwe chumba cha mpira wa meza kwa vijana.

Aliyekataa ni rafiki yangu. Nitamwita hivyo tu. Alikuwa mama wa Uvira, mnene, mcheshi, mjane. Umri wangu na wake ulikuwa sawa, lakini yeye aliniita "mwalimu" kwa heshima na kwa mzaha kwa pamoja. Alisimama katika mkutano wa kamati, mwanamke peke yake, akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu:

"Bijana bana miguu, batacheza inje. Mutu akikufa atacheza wapi?"

Watu walicheka, na chumba tukapewa. Tulikisugua mimi na yeye, kwa magoti. Niliandikia kituo cha Columbus, nacho kwa kuwa kilikuwa kimenunua meza mpya, kikatupa ile ya zamani, ileile niliyokuwa nikioshea. Mkwe wangu aliibeba kwenye gari la kazini. Rafiki yangu alipoiona aliipapasa kama mtu anayenunua kitanda.

"Mwalimu, hapa ndipo utanilaza. Lakini ukiniosha na maji ya baridi nitaamuka nikuzabe kofi."

"Utaamka wapi, na uzito huo?"

"Basi tafuta wanne ba kunigeuza. Ila wewe ndiye wa kumwanga maji."

Halafu akanishika kiwiko. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na Mkristo na alikuwa amebatizwa. Pasta wao alikuwa mtu wa maneno mengi. Rafiki yangu aliogopa kwamba siku akifa atapelekwa kwenye jumba la kampuni, atiwe dawa, apakwe poda, alazwe wazi na watu wapite kumtazama. Niliyakumbuka ya Louisville. Nikamwahidi kwamba ataoshwa hapa, kwa mkono wangu, na atazikwa kwa sanda siku ileile.

Akafa mwezi wa kumi, majani yakianza kuwa mekundu, wiki kadhaa baada ya Idi ya kuchinja. Moyo ulisimama hospitalini. Binti yake alinipigia simu kabla ya kumpigia pasta, na hilo nililiona kuwa rehema ya Mungu.

"Mama mukubwa," aliniambia kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani, "mimi sijuwe mambo yenu. Lakini alinisemea ni kwako. Donc, nakuletea."

Nilikwenda msikitini mapema nikiwa na sanda, kafuri, ubani na unga wa majani ya mkunazi. Nilitaka kuwasha ubani chumba kinukie kabla hajafika. Ufunguo wa chumba ulikuwa unaning'inia ofisini, juu ya msumari. Nikashuka ngazi. Katikati ya ngazi pua yangu ikaniambia kitu, sikuiamini. Nikafungua mlango, nikawasha taa.

Meza ilikuwa imepakaa uchafu. Mafuta yaliyoganda yalikuwa ya manjano kwenye kingo zake, na ndani ya mafuta kulikuwa na vipande vya mfupa vidogo kama meno. Katikati palikuwa na mikwaruzo ya shoka, mingi, inapishana. Ukutani, kimo cha kifua, damu ilikuwa imeruka na kukauka. Pembeni palikuwa na ndoo tatu zenye vifuniko ambazo sikutaka kuzifungua, na juu ya rafu ya sanda, juu ya nguo nyeupe nilizozikunja mwenyewe, mtu alikuwa ameacha aproni yake. Nzi wachache wanene, wa majira yanayokwisha, walikuwa wanatembea juu ya meza bila haraka, kama wenye nyumba.

Nilisimama pale nikielewa pole pole. Mbuzi wa Idi walikuwa wamechinjwa shambani nje ya mji, wakaletwa wazima wazima kukatwa na kugawiwa. Na wanaume wetu, walipotafuta pa kukatia, wakaona kuna meza ya chuma, ina mteremko, ina tundu, ina bomba la mpira jirani.

Niliinamia tundu la maji. Halikuwa linapitisha.

Mwenyekiti wa kamati alishuka aliponisikia. Ni mtu wa Mombasa, mhandisi, anakaa Kenmore, nje kidogo ya mji, mwenye adabu za kwao. Alisimama mlangoni, ndani hakuingia.

"Bi mkubwa, shikamoo. Ah. Hawa vijana hawakumaliza."

"Nani alikwambia ukatie nyama hapa?"

"Hii ni chuma tu, bi mkubwa. Haina ubaya. Na wallahi tuliiosha sawasawa. Bleach chupa nzima, maji moto, mpaka inang'aa."

"Iking'aa wapi? Unaona inang'aa?"

"La, nasema kabla. Kabla ya kuweka nyama."

Nadhani alisikia alichokisema. Mimi nilikisikia vizuri. Walikuwa wameisugua meza ili maiti wasichafue nyama yao. Baada ya nyama hawakuona haja, maana atakayefuata kulala hapo hali, hanusi, hasemi.

Niseme wazi, kwa kuwa nimesoma na sipendi kuisingizia dini: sikuwahi kusema nyama ile ni haramu. Muumini si najisi, awe hai au amekufa, na chuma kikioshwa kimetakata. Aliyekula hana dhambi ya tumbo. Lakini halali haitoshi kumfanya mtu awe safi. Vipo vitu ambavyo sheria inaviacha vipite na moyo wenye haya ukavitema.

"Tutandike plastic," alisema mwenyekiti. "Shuka nzito, mbili. Tumwoshe, tumswalie baada ya adhuhuri. Watu wana shift saa tisa."

Kabla sijajibu, gari la kampuni ya mazishi lilikuwa limefika, na binti wa marehemu ameshashuka ngazi. Alikuwa amevaa kitenge na koti la kazini. Anatunza wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Alisimama nyuma ya mwenyekiti, akatazama kwa juu ya bega lake. Akaziba mdomo.

"Donc, ni hapa?" alisema. "Ni hapa mama alikuwa anasifu? Kila siku, kile chumba, kile chumba. Ni hapa kweli?"

Niliiondoa ile aproni juu ya sanda. Yeye akaendelea:

"Pasta aliniambia, leta mama, tutamulaza na maua. Nikakataa. Nikagombana na bwana yangu. Juu yake yeye, na juu yako wewe. Sasa munanionesha buchéri?"

"Dada yangu, ni mambo ya dakika kumi," mwenyekiti alisema. "Tunatandika kitu juu."

"Juu ya nini? Juu ya hii?" Alimpita, akaingia, akagusa ukingo wa meza kwa kidole, akakitazama kidole. Akanigeukia mimi. "Mama mukubwa, sema ukweli. Nimutoe nimupeleke kwetu?"

Hapo ndipo penye jambo lote, na nilijua. Gari liko nje na injini inanguruma. Neno moja, na rafiki yangu angepelekwa kule alikokuogopa, kwenye dawa na poda, na aliyempeleka angekuwa nani ila sisi? Nilijiuliza namna ya kumzuia, nikaona sina haki ya kumdanganya.

"Hapa, kama palivyo, mama yako halali," nilimwambia. "Nipe mpaka alasiri. Ukirudi ukakuta panakukera, mchukue, nami nitakufuata nyuma kama jirani tu."

"Na swala ya adhuhuri?" mwenyekiti akauliza.

"Itasaliwa. Yeye atasubiri alasiri. Amekwisha kuacha haraka zake."

"Watu wa shift, bi mkubwa."

"Wenye shift waende. Au washuke hapa na brashi."

Hakushuka mtu. Juu yetu tulisikia miguu ikija, viti vikiburutwa, mtu mmoja akilalamika kwa sauti kwamba wanawake wanachelewesha maiti na hiyo ni kinyume cha suna. Nilisikia hilo nikiwa nimepiga magoti juu ya mfupa wa mbuzi.

Binti alimwambia dereva asubiri. Kisha akavua koti, akalitundika mbali kabisa na ukuta, akafunga kitenge kiunoni. "Brashi iko wapi?" Sikumwomba. Tulimwaga maji ya moto na sabuni, tukakwangua kingo kwa kisu, kama nilivyokwangua na mama yake bia za wale wazee. Mafuta yakayeyuka yakanuka zaidi. Yalitupanda mikononi, yakaingia chini ya kucha. Nguo za kwenye rafu nilizitia zote kwenye mfuko wa takataka. Tundu ndilo lililotushinda, mpaka binti akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuvuta. Likatoka bonge jeupe, refu, lenye manyoya, mfano wa panya aliyechunwa nusu. Alilitupa kwenye ndoo, akaegemea ukuta, akataka kutapika. Mimi pia. Tukatazamana, wanawake wawili wazima tunataka kutapika zamu kwa zamu, na yeye akaanza kucheka kicheko kibaya, chenye kilio ndani.

"Mama angesemaga nini?" aliuliza.

"Angesema hii ndiyo sehemu yake ya Idi iliyosahauliwa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Maji yakashuka kwenye tundu kwa sauti ya mtu anayekunywa.

Tulisugua mpaka vigae vikawa vyeupe, na meza tukaisuuza tena na tena. Mikwaruzo ya shoka haikutoka, iko mpaka leo. Nikawasha ubani. Binti aliinama mwenyewe akanusa meza kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanusa tundu, akainuka.

"Bon," alisema. "Bamulete."

Tulimwosha kwa mpango wake, tukianza na upande wa kulia, amefunikwa kila wakati. Wanawake wawili wa Kisomali walikuja kunisaidia kumgeuza. Maji niliyapima kwa kiwiko kwanza. Yalikuwa ya vuguvugu. Binti alisimama kichwani kwake ameshika jagi, na nilipomwambia mwaga, alimwaga. Nywele za mama yake nilizisuka mikia mitatu.

Tulipokuwa katika maji ya kafuri, mlango uligongwa. Sauti ya mwenyekiti, ya chini, ya adabu.

"Bi mkubwa, samahani. Ndugu wanauliza. Yule binti si Mkristo? Inafaa kweli amguse maiti wa Kiislamu?"

Nimeishi na hasira nyingi nikazimeza, alhamdulillahi, lakini ile ilipanda na ladha ya mafuta yale. Wale wale. Mbuzi alifaa kulala hapa, na mtoto wa marehemu hafai kusimama.

"Waambie ndugu," nilijibu bila kufungua, "nia ni yangu mimi Mwislamu, maji ni ya bomba la mji, na anayeyamwaga alitoka katika tumbo hili ninaloliosha. Mwenye dalili zaidi kitabuni ashuke anisomee. Atakuta pa kukaa, tumeshatoa manyoya."

Miguu ikapanda ngazi.

Tulimswalia baada ya alasiri, tukamzika jua likielekea kuchwa, kwa sanda, siku ileile. Watu walikuwa wachache. Binti alisimama mbali kidogo na kaburi na mumewe, na pasta alikuja pia, akavua kofia, na siku hiyo hakuwa na maneno mengi. Niliporudi msikitini wanawake walikuwa wamepika chakula cha wafiwa, pilau. Nyama ilitoka kwenye friza la kituo, ya wale mbuzi wa Idi. Sahani iliwekwa mbele yangu. Niliitazama, nikaisogeza kwa jirani yangu, nikanywa chai kavu. Jirani aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia nimeshiba.

Sikusema pale. Kumsitiri mwenzio ni wajibu, na msiba si mahali pa kutapisha watu. Nilimwambia mwenyekiti peke yake kwamba awaambie mwenyewe, kwa ulimi wake, Ijumaa. Ijumaa alisimama akatangaza kwamba "chumba cha chini kimefanyiwa usafi mkubwa, tuwashukuru akina mama." Watu wakaitikia alhamdulillahi. Nilikuwa nyuma ya pazia la wanawake, na kinyaa kikanirudia kana kwamba ni mimi niliyeingiza mkono kwenye lile tundu.

Ufunguo haukurudi msumarini. Tangu siku ya mazishi nilikuwa nimeufunga katika pindo la kanga yangu, na kila nilipobadilisha kanga nilihamisha fundo. Waliuliza mara mbili tatu, nikasema ninao. Mwanamke akifa walinipigia simu, mwanamume akifa walikuja kuuchukua na nikakaa juu mpaka wamalize. Nikishuka baadaye nilinusa, na binti wa marehemu alikuwa akija kunisaidia kusugua siku za mapumziko yake, kisha anakwenda kanisani kwake.

Mwaka uliofuata, siku ya Idi, mchana, mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu na vijana wawili wamevaa aproni mpya. Gari la wazi lilikuwa barabarani, limefunikwa turubai, miguu ya mbuzi imejitokeza nyuma.

"Idi mubarak, bi mkubwa. Tunaomba ule ufunguo wa chini."

"Inna lillahi," nilisema. "Nani amefariki?"

"Hakuna, hakuna. Wote wazima."

"Na hao kwenye gari?"

Kijana mmoja akacheka, akajikamata. Mwenyekiti alitazama gari, akanitazama mimi, akatazama fundo kwenye pindo la kanga.

"Ni mbuzi tu, bi mkubwa."

"Poleni na msiba. Mkishawavika sanda, nitashuka kuwaosha. Maji ya vuguvugu."

Hakukasirika, nampa haki yake. Alizungusha funguo za gari lake kidoleni, kisha akawaambia vijana watafute mbao na meza za plastiki, wakatie uani. Wakaondoka. Matone ya damu yalibaki barabarani mbele ya mlango wangu, yanang'aa juani. Nilitoka na ndoo, nikayamwagia maji.